Wastani wa joto hautoshi kupima fukuto la darasani

Mnamo Februari 2025, serikali ya Sudan Kusini iliamuru shule zote za nchi hiyo zifungwe kwa muda wa majuma mawili. Nchi hiyo imezoea shule kufungwa kwa ajili ya vita na mafuriko. Safari hii kilicholeta amri kilikuwa joto. Wanafunzi walikuwa wakizirai jijini Juba, na wakuu wa elimu wakaona ni afadhali watoto wakae nyumbani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2024, shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu iyo hiyo, baada ya kutabiriwa kwamba joto lingefika nyuzi 45 za Selsiasi.

Msomaji akifungua jedwali la hali ya hewa atakuta kwamba wastani wa joto la mwaka mzima mjini Juba ni kama nyuzi 28. Wastani wa Mombasa ni nyuzi 26 na ushei, wa Garissa ni 28 au 29 hivi, na wa Lodwar ni baina ya 29 na 30. Kwa hesabu hiyo, Juba, ambako watoto wamezirai, ina joto pungufu kuliko Lodwar, na imeizidi Mombasa kwa nyuzi mbili tu. Mtu anayesoma tarakimu hizo bila ya kuzihoji atatoka na mojawapo ya mawazo mawili: ama Wasudan Kusini ni wepesi wa kulalama, ama watoto wa Turkana wameumbwa kwa chuma. Yote mawili ni upuuzi. Jedwali halina kosa. Kosa ni la anayelitaka lijibu swali ambalo halikutungwa kulijibu.

Suala hili si la wataalamu wa anga peke yao. Kalenda ya masomo ya Kenya, ramani za madarasa, saa za mitihani ya kitaifa, na hata fikra zetu kuhusu sare ifaayo kwa mwanafunzi, mambo haya aghalabu huamuliwa Nairobi. Nairobi ni mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wastani wake wa mwaka ni nyuzi 19 hivi, na mwezi wa Julai wakazi wake hutafuta makoti. Afisa aliyeketi huko, akiletewa karatasi inayosema kwamba Mombasa ina wastani wa nyuzi 26, haoni jambo la kumshtua. Nyuzi 26 ndizo hoteli za Pwani huwatangazia watalii! Ukimletea wastani wa nchi nzima, mambo huharibika zaidi. Chukua nyuzi 30 za Lodwar na 19 za Nairobi, zijumlishe na kuzigawanya kwa mbili, utapata 24 na nusu, hali ya hewa ya kupendeza mno ambayo haimfikii mtoto wa Lodwar wala wa Nairobi.

Hebu basi tuutazame huu wastani unavyopatikana. Katika vituo vingi, kiwango cha juu kabisa cha joto la siku hujumlishwa na kiwango cha chini kabisa, kisha jumla ikagawanywa kwa mbili. Wastani wa siku ukikusanywa hutoa wa mwezi, wa miezi hutoa wa mwaka, na miaka 30 ikikusanywa hupatikana kile wataalamu wanachokiita hali ya kawaida ya mahali. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) kwa sasa hutumia miaka ya 1991 hadi 2020 kuwa kipindi cha marejeo. Vitabu vingi vilivyo katika maktaba za shule zetu vingali na tarakimu za vipindi vya nyuma, hususan 1961 hadi 1990, na mwalimu wa jiografia anayeyanakili majedwali hayo ubaoni anafaa kuwaonyesha wanafunzi miaka iliyoandikwa chini yake. Dunia imepata joto tangu wakati huo. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko wote uliowahi kupimwa, ukiwa umezidi kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda kwa nyuzi 1.55 hivi.

Ila hata tarakimu mpya kabisa zina upungufu uo huo wa asili. Wastani huficha majira, huficha usiku, huficha unyevu, na husema habari za kivulini peke yake.

Kuhusu majira, mfano ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya bahari, katika nchi ambazo Pwani yetu imejuana nazo tangu zama za jahazi. Wastani wa mwaka mjini Muscat ni kama nyuzi 28 au 29. Mmombasa akiutazama atasema: nyuzi mbili tu zaidi ya kwetu, nami joto nimezaliwa nalo. Lakini Mombasa huishi karibu na wastani wake mwaka mzima. Machi, mwezi wake wa joto zaidi, una wastani wa nyuzi 28. Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, hushuka hadi 24. Tofauti ni nyuzi nne. Muscat, kwa upande wake, huwa na nyuzi 21 mwezi wa Januari na 35 mwezi wa Juni. Tofauti ni nyuzi 14, na wastani wa mwaka umekaa katikati kama mwamuzi asiyeingia uwanjani. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulio pwani ya Oman, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa zaidi ya saa 24, usiku na mchana.

Vijana wengi wa Kenya huenda Ghuba kutafuta riziki, na wengi wao huwekwa katika kazi za ujenzi, ulinzi na usafirishaji. Si bure kwamba nchi za huko zina sheria inayokataza kazi za juani saa za adhuhuri wakati wa kiangazi. Oman hukataza tangu saa sita u nusu hadi saa tisa u nusu, Juni hadi Agosti. Qatar, tangu kanuni zake za mwaka 2021, hukataza tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa u nusu, kuanzia Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Kijana anayetia sahihi mkataba wa kazi angefaidika zaidi kwa kujua wastani wa Juni kuliko kwa kuambiwa kwamba anakokwenda kuna joto kama la kwao.

Juba nayo inaelezeka kwa njia hiyo, japo si kikamilifu. Mvua za Julai na Agosti huipoza, zikaushusha wastani wa mwaka. Februari na Machi, kabla ya mvua, kiwango cha juu cha kila siku huwa nyuzi 38 kwa wastani, na zipo siku zinazopanda mno kupita hapo. Tena shule nyingi za nchi hiyo zimejengwa kwa mabati, hazina umeme, na kwa hiyo hazina hata pangaboi la kuusukuma upepo. Lodwar haina kilele kama hicho. Joto lake ni la kudumu, mwezi baada ya mwezi, na wenyeji wamepanga maisha yao kwa kulizingatia. Mifugo hupelekwa malishoni mapema, na watu hupumzika kivulini jua la utosi likiwaka. Anayeingia darasani saa nane mchana kwa amri ya kengele ni mwanafunzi.

Kuna jambo la usiku. Mahali palipo na nyuzi 36 mchana na 22 usiku pana wastani wa 29. Mahali palipo na 32 mchana na 26 usiku pana wastani uo huo wa 29. Jedwali huviona sawa. Mwili hauvioni sawa hata kidogo. Katika mahali pa kwanza mtu huteseka mchana, usiku ukaja akalala, moyo ukapumua. Katika mahali pa pili hapumziki. Bahari ndiyo inayofanya hivyo: maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole, kwa hiyo Pwani haiungui mchana kama Garissa, lakini pia haipoi usiku kama bara. Wataalamu wamethibitisha kwamba katika sehemu nyingi za dunia usiku unaongezeka joto kwa kasi kuliko mchana. Mwanafunzi wa bweni aliyelala katika ukumbi wa vitanda vya ghorofa, paa la mabati juu yake na madirisha yamefungwa kwa kuhofia mbu au wezi, huamka asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyolala. Mwalimu wa kipindi cha kwanza humwona akisinzia, akamwita mvivu.

Sasa unyevu, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha jambo hili lote. Lugha ya Kiswahili imelijua kwa muda mrefu lile ambalo majedwali hayalisemi. Tuna joto, tuna hari, na tuna fukuto. Fukuto ni lile joto zito lisilo na upepo, linalomfanya mtu atoke jasho naye ameketi, nguo zikamganda mwilini. Hakuna Mwambao anayechanganya fukuto la Machi, kaskazi inapolegea na kusi haijashika, na jua kali la nyika. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wangeweza kukifundisha kipindi hiki pamoja.

Sayansi yake ni hii. Jasho haliupozi mwili kwa kutoka. Huupoza kwa kukauka. Hewa ikiwa kavu, jasho hukauka upesi na kuondoka na joto. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, jasho hubaki ngozini likitiririka bure. Mnamo mwaka 1979 mtaalamu Robert Steadman alitunga hesabu ya kuunganisha joto na unyevu ili kupata joto linalohisiwa na mwili. Tuitumie hesabu ya aina hiyo hapa kwetu. Chukua alasiri ya Machi Mombasa yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70: joto linalohisiwa hukaribia nyuzi 40. Chukua alasiri ya Lodwar yenye nyuzi 36 na unyevu wa asilimia 30: joto linalohisiwa hubaki karibu na nyuzi 36 zile zile. Jedwali la wastani lilikuwa limeiweka Lodwar juu ya Mombasa, na sasa safu imepinduka!

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mtoto wa Lodwar ana raha. Hesabu hii huchukulia kwamba mtu yuko kivulini. Jua likimpiga moja kwa moja, joto linalohisiwa laweza kuongezeka kwa nyuzi 8 hivi, na Turkana si nchi ya vivuli vingi. Zaidi ya hayo, joto kikavu lina hila yake. Jasho hukauka kabla mtu hajaliona, akadhani hatoki jasho, akapoteza maji bila ya kujua mpaka kichwa kimemuuma na macho yamemzunguka. Katika wilaya ambako maji yenyewe hufuatwa kwa mwendo, hilo si jambo dogo. Ninachosema ni kwamba hizi ni hatari mbili tofauti, na dawa zake ni mbali mbali. Lodwar huhitaji maji ya kunywa na kivuli. Mombasa huhitaji upepo. Tarakimu moja ya wastani haiwezi kumwambia mkuu wa shule ni kipi anunue kwanza, tangi au pangaboi.

Kipimo rahisi cha mambo haya kinajulikana katika maabara zetu. Ni vipimajoto viwili, kimoja kikavu na cha pili kimezungushiwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Kile chenye kitambaa husoma kiasi kidogo kuliko kile kikavu, na jinsi tofauti baina yao inavyopungua, ndivyo jasho linavyoshindwa kukauka. Mwaka 2010 wanasayansi Sherwood na Huber walieleza kwamba kipimajoto chenye kitambaa kikifika nyuzi 35, binadamu, hata akiwa mzima wa afya na ameketi kivulini, hawezi kuupoza mwili wake tena. Majaribio ya vyuo vya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2022 yakaonyesha kwamba hata vijana wenye siha hushindwa mapema zaidi, kwenye nyuzi 31 hivi katika hewa yenye unyevu mwingi. Pwani ya Kenya haijafikishwa huko, lakini ni dhahiri kwamba nafasi baina ya kawaida na hatari ni finyu kuliko nyuzi 26 zinavyotuaminisha.

Tuje kwenye kivuli. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbavu za kupitisha hewa, kimeinuliwa kadiri ya mita moja na robo hadi mbili kutoka ardhini, mahali pa wazi. Cha Mombasa kiko kwenye uwanja wa ndege. Kimewekwa hivyo kwa sababu nzuri, kwani bila ya utaratibu mmoja huwezi kulinganisha Mombasa na Manila. Ila mwanafunzi haketi ndani ya kisanduku cheupe. Anaketi chini ya mabati yasiyo na dari, bati limepigwa na jua tangu asubuhi, pamoja na wenzake 50 au 60. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto linalokaribia la balbu ya zamani ya wati 100. Mtoto hutoa kidogo kuliko hapo, lakini zidisha kwa 60. Kwa hiyo joto la darasa letu lolote la nyanda za chini halimo katika jedwali lolote. Hakuna aliyelipima.

Wala tusidhani kwamba wanaoumia ni wachache, au kwamba hasara ni ya jasho tu. UNICEF ilikadiria kwamba katika mwaka 2024 wanafunzi wasiopungua milioni 242 katika nchi 85 walikatiziwa masomo na hali mbaya za hewa, na mawimbi ya joto ndiyo yaliyoongoza. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia matokeo ya wanafunzi milioni 10 waliofanya mtihani uleule zaidi ya mara moja. Katika shule zisizo na mitambo ya kupoza hewa, kila mwaka wa masomo uliozidi kwa nyuzi moja ya Farenhaiti, yaani nusu nyuzi ya Selsiasi na kidogo, ulipunguza mafunzo ya mwaka huo kwa asilimia moja. Wazazi wa Tana River na Wajir wamezoea kuambiwa kila matokeo yanapotangazwa kwamba watoto wao wako nyuma kwa sababu ya uhaba wa walimu, umaskini na kuhamahama. Hayo ni kweli. Joto halimo katika orodha, labda kwa kuwa haliwezi kuitwa mbele ya kamati kujieleza.

Turudi kwenye kalenda. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari na kufungwa Aprili. Kwa Nairobi na Eldoret huo ni wakati mwema, mikavu na wa jua. Kwa Mombasa, Garissa na Lamu ndio wakati wa joto kupita wote. Kisha Agosti inapofika, Pwani imepoa, upepo wa kusi unavuma, mtu anaweza kusoma mchana kutwa bila ya kujipepea, nasi tunawapeleka watoto likizo. Mtoto wa Pwani husoma katika fukuto na kupumzika katika kipupwe.

Je, tuwe na kalenda mbili? Ufilipino inatupa funzo la kuzingatiwa. Nchi hiyo kwa miaka mingi ilikuwa na likizo ndefu Aprili na Mei, miezi yake ya joto zaidi. Janga la korona likaivuruga kalenda, na watoto wakajikuta darasani katika miezi hiyo. Aprili 2024 serikali ikalazimika kusimamisha masomo ya ana kwa ana katika shule zote za umma kwa siku mbili, pamoja na siku nyingine nyingi katika mikoa mbalimbali. Kigezo kilichotajwa kila siku kilikuwa joto linalohisiwa, si wastani. Likifika nyuzi 42 huhesabiwa kuwa hatari. Ufilipino ikairejesha kalenda ya zamani: mwaka wa masomo ukafungwa Aprili 2025, na mpya ukafunguliwa Juni.

Hata hivyo Ufilipino yote iko katika joto, na Kenya sivyo. Mtihani wetu wa kitaifa ni mmoja, walimu wetu huhamishwa toka nyanda za juu hadi za chini, na familia nyingi zina mtoto mmoja Voi na mwingine Nyeri. Kalenda mbili zingezua vurugu kubwa kuliko joto lenyewe. Siziungi mkono.

Saa za masomo ni jambo jingine. Sioni sababu ya ratiba ya Mandera kufanana na ya Nyahururu. Masomo mazito, hesabu na sayansi, yangewekwa asubuhi kabla ya saa tano katika miezi ya Januari hadi Machi. Alasiri ingeachiwa kazi nyepesi za kivulini. Riadha na mipira ingesogezwa karibu na machweo au kupelekwa muhula wa pili. Natambua kwamba kuanza saa kumi na mbili u nusu humtoa mtoto wa kutwa nyumbani gizani, na katika baadhi ya sehemu za Kaskazini Mashariki njia za gizani hazina usalama. Kwa shule za bweni kizuizi hicho hakipo. Kwa za kutwa, wakuu wa shule na wazazi ndio wanaozijua njia zao, na waachiwe waamue. Baraza la mitihani nalo lingeweza kuangalia karatasi za alasiri za Oktoba na Novemba, kwani dakika za mwisho za karatasi ya saa nane katika ukumbi wa Garissa si sawa na dakika hizo hizo Limuru, ingawa saa ya ukutani inasema ni sawa.

Mwaka 2025 ulizuka ubishi mkali kuhusu kupangwa upya kwa maeneo ambayo watumishi wa umma hulipwa marupurupu ya mazingira magumu, na vyama vya walimu vikapinga vikali. Ubishi huo ulitawaliwa na fedha, kama ilivyo ada. Lakini iwapo hali ya hewa itaendelea kutajwa kuwa sehemu ya ugumu wa mahali, basi serikali na vyama waseme watatumia kipimo gani. Wakitumia wastani wa mwaka, watakuta kwamba vituo vya Pwani na vya Kaskazini vimefuatana kwa nyuzi tatu tu. Wakitumia joto la alasiri, au idadi ya siku zinazopita nyuzi 35, au usiku usioshuka chini ya 25, kila kipimo kitawaletea orodha yake. Mwalimu anayepigania haki yake asikubali kuletewa tarakimu moja bila ya kuuliza ni ya saa ngapi, ya mwezi gani, na ya miaka ipi.

Kuhusu majengo, wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikwisha kulitatua jambo hili kabla ya jedwali la kwanza kuchapishwa. Nyumba zao zilikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa nyeupe, dari za boriti za mikoko zilizo juu sana, uwanja wa ndani wa kuvuta hewa, na vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli. Paa la makuti, tunalolidharau sasa kwa kuliita la kimaskini, halipeleki joto chini kama bati. Hatuwezi kujenga kila darasa la Kilifi kwa matumbawe, na makuti yana moto na mchwa wake. Lakini dari ya mbao nyepesi chini ya bati si gharama ya kuivunja serikali. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua badala ya kuumeza. Madirisha yakitazamana, nayo yakawekwa upande unakotoka upepo, hupitisha hewa bila ya umeme. Mwarobaini mmoja uliopandwa upande wa magharibi, katika miaka michache, huzuia jua la alasiri lisigonge ukuta. Ramani moja ya darasa inayotumwa Kwale, Kapsabet na Kakuma bila ya kubadilishwa hata dirisha hufanya kazi ya wastani: inawafaa wote kwenye karatasi.

Na katika hizo shule, kipimajoto cha ukutani kinagharimu pesa kidogo kuliko mpira wa kandanda. Klabu ya jiografia ikikitundika nyuma ya darasa, ikaandika kiwango chake saa mbili asubuhi, saa sita, saa nane na saa kumi, kila siku ya muhula wa kwanza, na kando yake kile chenye kitambaa cha maji, kufikia Aprili itakuwa na tarakimu ambazo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa haina na Wizara ya Elimu haijawahi kuziona. Shule ya Lodwar na ya Likoni zikibadilishana daftari hizo kwa posta au kwa simu, wanafunzi watakuwa wamelinganisha maeneo mawili ya joto kwa haki, na walimu wakuu watakuwa na karatasi ya kuweka mezani siku bodi itakapouliza kwa nini wanataka dari.